Jezi Iliyomziba Macho

Ngumi ilimpata Lyle chini ya sikio. Akayumba, akashika ukingo wa meza ya mbao asije akaangukia makopo ya rangi.

"Umekufa," Mzee Metro alisema. "Haya, fufuka tuanze tena."

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikishanyweka, gereji ya Metro Hrynkiw iligeuka darasa. Gari lilitolewa nje kwenye theluji, zulia kuukuu likatandikwa sakafuni, na mzee huyo, aliyekula ngumi na kuwalisha wenzake misimu kumi na minne katika ligi ndogo za hoki ya barafuni ya kulipwa, akamfundisha kijana wa watu kupigana. Lilikuwa somo kama masomo mengine, lenye taratibu zake. Mkono wa kushoto unashika jezi ya mwenzako karibu na kiwiko ili ngumi yake ifie njiani. Kidevu unakificha begani. Miguu unaitanua, maana juu ya barafu asiye na miguu hana ngumi. Na mwenzako akianguka, basi, umemaliza, kwa sababu anayempiga aliyeanguka mji mzima wa Kalder utamjua kuwa si mwanamume.

Lyle Desjarlais alifufuka. Alikuwa na miaka ishirini, mabega mapana, pua iliyokwisha kuvunjwa na kunyooshwa ikakataa kunyooka. Safari hii alimwahi mzee kwenye mkono wa shati, akavuta, akamchapa mbavuni ngumi fupi iliyosikika hadi mlangoni.

Mlangoni alisimama Orysia, binti pekee wa Metro, koti limefungwa hadi shingoni na viatu vyake vya barafu vimening'inia begani. Alikuja kuwaita mezani, pirohi, vile vitumbua vya viazi vya kuchemsha, zinapoa. Lakini alikawia kidogo, akimtazama Lyle akihema, jasho likimtiririka shingoni wakati nje baridi inapasua mawe. Lyle akainua macho, wakaonana. Ni kutazamana kwa kufumba na kufumbua tu, ila Metro aliwahi kuishi kwa kusoma macho ya wanaume wanaotaka kitu. Akampiga Lyle kofi la kisogo.

"Ukitazama mlangoni, unalala chini," akasema. "Ingieni mkale."

Mapenzi ni kikohozi, na nyumba ya Hrynkiw ilikuwa na kuta nyembamba. Kama zilivyofanya nyumba nyingi za mji ule, ilipokea mchezaji mmoja wa klabu ya vijana: unampa kitanda, unampa chakula, unamwamsha aende shule, na yeye anaheshimu nyumba. Lyle alifika akiwa na miaka kumi na sita, ametoka kaskazini kwa bibi yake na sanduku moja. Asubuhi darasani, mchana barafuni, jioni kunyanyua vyuma, usiku ndani ya basi kwenda kucheza miji ya mbali na kurudi alfajiri kufanya mtihani wa hesabu. Kiangazi, wenzake wakienda ziwani kuogelea, yeye alisimama nyuma ya gereji akipiga kile kisahani cheusi cha mpira kwenye ubao hadi mikono ifanye malengelenge. Ndiyo njia ya watoto wote wanaotaka kucheza hoki kwa mshahara, na wengi hawafiki.

Kwa miaka mitatu Orysia alikuwa dada wa nyumba tu. Kisha vuli iliyopita klabu ikamwajiri yeye, bingwa wa zamani wa kucheza kwa madaha barafuni, awafundishe vijana kutumia makali ya viatu: kukata kona kwa mguu mmoja, kurudi nyuma bila kutazama, kusimama ghafla. Siku ya kwanza Lyle alianguka miguuni pake mbele ya timu nzima. Walicheka wote, yeye akiwa wa kwanza, na Orysia alipompa mkono kumwinua hakuna kati yao aliyeuachia mapema. Dada wa nyumba akaishia hapo.

Juma moja kabla ya Jumamosi hii, Metro aliwakuta chumba cha kufulia nguo, midomo haijaachana. Hakupiga kelele. Alisubiri hadi chakula cha jioni, akaweka uma chini mbele ya mkewe Stefka, akasema atamfundisha Lyle kila anachokijua mpaka mwisho wa msimu, lakini binti hampati. Lyle aliuliza kwa adabu kosa lake ni lipi.

"Huna kosa," Metro alijibu.

"Sasa kwa nini, Mzee?"

"Kwa sababu najua nilichokufundisha."

Mkuki kwa nguruwe. Aliunoa mwenyewe, akaufurahia ukali wake, ila kwa mwanawe hakutaka hata kivuli chake kipite.

* * *

Jumamosi hiyo alasiri uwanja ulikuwa mtupu. Lyle alikuwa na ruhusa ya saa moja ya mazoezi ya makali ya viatu, na mwalimu wake alikuwa pale, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza. Walizunguka bega kwa bega, barafu ikinong'ona chini yao. Orysia ndiye aliyeanza. Alimwomba asipigane kesho.

Lyle alicheka kwa pua yake iliyopinda. Kesho ilikuwa mechi ya mchujo dhidi ya watu wa Morden Flats, na jukwaani angekaa Bwana Pelham, msaka vipaji wa timu kubwa ya kulipwa. Pelham hakusafiri siku nzima kuja kutazama kona za Lyle, hata kama mwalimu wake ni mzuri. Alikuja kumwona akisimama na Garth Mueller, mpiganaji wa Morden Flats aliyeogopwa kuliko wote katika ligi.

"Chuo kimeshakupokea," Orysia alisema. "Misimu minne umecheza, klabu inakulipia miaka minne. Timu ya chuo inakutaka. Utacheza hoki, utasoma ualimu, utalala ukiamka unajua uko wapi."

"Chuo hakikimbii."

"Kinakimbia, Lyle. Siku ukisaini na wale, klabu haikulipii tena hata kalamu. Unajua hilo."

Alijua. Wachezaji wote walijua, na wote walisaini. Lyle alisimama, makali yakachonga barafu. Akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba tangu ana miaka mitatu anateleza kwenye ziwa la kwao, bibi yake akimshikia taa. Kule kaskazini kuna nyumba zinazowasha televisheni kila Jumamosi zikingoja siku jina Desjarlais litasomwa. Yeye si mfungaji. Si mwepesi. Alijaribu milango yote akakuta mmoja tu umeachwa wazi.

"Mlango huo alipita baba yangu," Orysia akasema. "Umeona alivyotokea upande wa pili?"

"Mzee yuko sawa. Anasahausahau tu, kama wazee wote."

"Ana miaka hamsini na mbili. Jumatano ameweka funguo za gari kwenye jokofu, halafu akamshika mama akimuuliza nani kaiba. Akapiga ngumi. Ukuta ukabonyea, hapa, kando ya kichwa cha mama." Alionyesha kwa kiganja kando ya sikio lake mwenyewe. "Mama amepatundikia picha."

"Amempiga?"

"Amepiga ukuta. Safari hii."

Lyle alivua glavu moja, akamgusa shavu. Vidole vyake vilikuwa na magamba ya vidonda vya mechi iliyopita. Alimwambia akifika kule juu atarudi kwa heshima zote, na koti zuri, na wazee wa kumsindikiza, na Metro atakosa la kusema.

"Utakapofika kule utakuwa umelisahau jina langu," Orysia alisema. "Wala si kwa kiburi. Kwa ngumi."

Lyle akambusu. Orysia alimpenda kijana huyo kwa pendo linaloumiza mbavu, na kwa kitambo akaacha kubishana. Lakini alipofumbua macho alimkuta Lyle anatazama saa ya ukutani juu ya lango, mawazo yake yameshaenda kwa Garth Mueller. Akajua maneno yamekwisha.

Na mwanamke aliyeishiwa maneno hutafuta mkasi.

Stefka ndiye aliyeshona jezi za klabu, na kila Jumamosi jioni zililetwa nyumbani zikatengenezwa zilipochanika. Ndani ya mgongo wa kila jezi kuna ukanda mfupi wenye vifungo. Mchezaji huupitisha kwenye kiuno cha suruali na kuufunga, ili katika ugomvi mpinzani asimvute jezi ikamfunika kichwa. Ligi ilikuwa imeleta kanuni kali kuhusu jambo hilo: ukipigana na jezi ikatoka kwa kuwa haikufungwa, unatolewa nje ya mchezo papo hapo.

Orysia alikaa mbele ya cherehani ya mama yake, akaigeuza jezi ya Lyle ndani nje. Alikata mshono wa ukanda, akabakiza nyuzi chache za kumdanganya macho. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Garth atavuta, ukanda utachomoka, jezi itatoka mara moja, mwamuzi atamtoa Lyle kabla mambo hayajawa mambo. Pelham ataona kijana mzembe asiyejua kufunga nguo yake, ataondoka. Lyle atanuna wiki mbili, kisha ataenda chuoni.

Alikunja jezi vizuri akaiweka juu ya nyingine. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye.

* * *

Mji wote ulikuwa uwanjani Jumapili ile mchana. Metro alikaa mstari wa kwanza, magoti yakigusa ukuta wa kioo, na Orysia pembeni yake. Bwana Pelham alikuwa juu, karibu na mlango wa kutokea, koti la rangi ya mchanga, hali chochote, hazungumzi na mtu.

Kipindi cha kwanza hakikufika katikati. Garth Mueller alimsukuma mlinda lango wa Kalder usoni kwa gongo, kusudi, ili wote waone. Lyle aliruka kutoka benchi lake zamu ilipofika, akaenda moja kwa moja. Hawakutukanana. Garth aliuliza kitu, Lyle akatikisa kichwa kukubali, glavu zikaanguka. Watu wakasimama. Mlio ule, wa watu elfu mbili wakiinuka pamoja kutazama wanaume wawili wakiumizana, Orysia alikuwa ameusikia tangu tumboni mwa mama yake.

Lyle alianza vizuri. Kushoto alishika kiwiko, kulia akapiga, mara, tena, jino la Garth likaruka juu ya barafu. Metro alipiga kioo kwa viganja. "Shika chini! Shika chini!"

Ndipo Garth alipompata mgongoni na kuvuta.

Ukanda ulichomoka kama alivyokusudia Orysia. Ila jezi haikutoka. Ilipanda, ikamfunika kichwa, ikakwama kwenye kingo za ngao za mabegani, mikono ya Lyle ikabanwa juu ndani yake. Akawa mtu aliyetiwa gunia. Garth, aliyekuwa na damu mdomoni na hasira ya jino lake, akashika kile kitambaa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaanza kupiga chini juu, chini juu, kwenye uso asioweza kuuona.

Jezi ya Kalder ni nyeupe. Orysia aliona doa jekundu likichipuka mahali palipo jicho, likatanuka. Alisikia kila ngumi. Wasaidizi wa mwamuzi waliteleza wakaja, lakini kanuni yao ni kusubiri mmoja aanguke, na Lyle hakuanguka. Aliyumba kulia, akayumba kushoto, miguu imetanuliwa kama alivyofundishwa kwenye lile zulia, na makali yake yakashika barafu kama alivyofundishwa na yeye Orysia. Angeanguka angepona. Walimu wawili wa nyumba moja walikuwa wamemfundisha asianguke.

"Lala!" Orysia alipiga kioo. "Lyle, lala chini!"

"Kaa wima!" Metro alinguruma kando yake. "Kaa wima, mwanangu!"

Mkono mmoja wa Lyle ukachomoka. Alipiga gizani, bila kuona, kwa nguvu zote zilizobaki, akampata Garth kwenye taya. Wote wawili wakaenda chini, na jezi iliyoloa ikamwagika pembeni. Uwanja ulipiga makelele hadi taa zikatikisika. Mwamuzi akainua mkono akionyesha mlango: Desjarlais nje, jezi haikufungwa.

Alichokitaka Orysia alikipata. Alimtazama Lyle akikokotwa hadi mlangoni, damu ikimfuata, akageuka kumshika baba yake mkono. Metro alikuwa amenyamaza ghafla. Ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, macho yanatafuta kitu barafuni ambacho wengine hawakukiona.

"Nani anacheza leo?" akamuuliza.

Orysia alimkabidhi kwa jirani, akakimbia.

Kwenye ujia wa chini, mbele ya chumba cha daktari, Bwana Pelham alikuwa ameshafika. Alimwuliza Orysia yeye ni nani wa yule kijana. Orysia akajibu anakaa kwao.

"Basi umweleze akiacha kuona maruweruwe," Pelham alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nimetazama mabondia wa barafuni miaka ishirini. Kupiga tunaweza kufundisha. Mtu anayepigwa hivyo, kipofu, halafu haanguki, huyo hafundishwi, anazaliwa. Nilikuja bila uhakika. Ile jezi imenipa uhakika. Nataka saini yake leo, kabla wengine hawajasikia."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema anaweza kumwingiza na mpenzi wake. Orysia aliegemea ukuta. Kisha akaingia.

* * *

Daktari wa timu alikuwa ameshona nyusi na mdomo, akatoka kutafuta gari la kumpeleka Lyle hospitali kupigwa picha ya kichwa. Lyle alikaa kwenye kitanda chembamba, kifua wazi, viatu vya barafu bado miguuni. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, limevimba kama yai. La kulia lilimtazama Orysia, na uso ule ulioharibika ukajaribu kutabasamu.

"Umeona?" alisema kwa shida. "Sikuanguka."

Orysia alikuwa na njia ya kunyamaza. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua hadi kiama. Alikaa kwenye kiti mbele yake, akaweka mikono magotini.

"Ule ukanda niliukata mimi."

"Nini?"

"Ukanda wa jezi. Jana, kwenye cherehani ya mama. Nilikata mshono nikabakiza nyuzi."

"Nimeufunga mwenyewe leo. Nakumbuka."

"Uliufunga. Ulikuwa umeshakatwa."

Lyle alimtazama kwa lile jicho moja. Orysia alieleza yote, haraka, bila kujipamba: mwamuzi, kanuni, Pelham, chuo. Alisema alidhani jezi itatoka mara moja. Alisema hakufikiri.

"Unajua mle ndani kulikuwaje?" Lyle akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Napigwa, sioni inakotoka. Nilidhani nimepofuka. Nikasema, basi, ndiyo imekwisha, sitamwona tena Orysia. Hilo ndilo nililowaza. Wewe."

Orysia alilia bila sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanibusu."

Lile lilimpata mahali ambapo Garth hakufika. Aligeuza uso ukutani. Akasema miaka minne amelala chini ya paa lao, amekula mikononi mwao, na hakuna mpinzani yeyote aliyewahi kumvizia kwa nyuma hivyo. Akamwambia atoke.

Orysia alisimama. Alikuwa bado hajafika mlangoni mlango ulipofunguka, Metro akaingia.

Amekuja bila kofia, jirani hayupo. Alimtazama yule mtu kitandani, uso mwekundu, jicho limefumba, nywele zimegandamana, na macho yake yakawa magumu.

"Bouvette," alisema, akimwita kwa jina la mpinzani wake wa zamani barafuni.

"Baba, ni Lyle."

"Nilikuambia tutaonana, Bouvette. Ulidhani nimesahau mechi ya Thunder Bay?" Alikuwa anavua koti. "Simama. Vua glavu."

Orysia alimshika mkono. Baba yake, ambaye hakuwahi kumgusa kwa ubaya tangu azaliwe, alimsukuma kwa kiwiko akaenda kugonga kabati la dawa, akaanguka, chupa zikapasuka sakafuni. Kabla hajapata pumzi Metro alikuwa ameshafika kitandani. Ngumi ya kwanza ilitua kwenye nyusi iliyoshonwa. Nyuzi zikaachia. Ya pili ikampata Lyle mdomoni.

Lyle alisimama. Mwili wake haukungoja ruhusa. Mkono wa kushoto ulikwisha kushika shati la mzee karibu na kiwiko, kidevu kimeingia begani, miguu imetanuka, na mkono wa kulia umerudi nyuma umekunjwa. Orysia aliona yote toka sakafuni. Aliona pia kwamba baba yake yuko wazi kabisa. Mzee aliyeifundisha Kalder nzima kuficha kidevu alikuwa amekisahau kidevu chake hewani, ngozi ya shingo imelegea, kinywa wazi. Ngumi moja ya Lyle ingemuua.

"Lyle," Orysia alisema. 

Ule mkono ulisimama hewani.  Damu ilimwingia Lyle kwenye jicho zima, na kwa mara ya pili siku ile akawa haoni. Ndipo alipokunjua vidole, akamkumbatia mzee kwa mikono yote miwili, akambana kifuani kwa nguvu, jinsi wale wasaidizi wa mwamuzi wanavyowabana watu waliokataa kuachana.

Metro alipiga mbavu. Alipiga figo, alipiga mgongo, kila pigo likitoa mguno ndani ya kijana. Alimtukana Bouvette na mama yake Bouvette.

"Piga, Mzee," Lyle alisema sikioni mwake. "Piga umalize."

Mapigo yalipungua polepole hadi yakawa kama mtu anayebisha hodi. Kisha yakakoma. Metro alibaki anahema, paji lake limelala juu ya bega la Lyle, na alipoinua uso macho yalikuwa ni ya kwake tena. Alitazama damu. Akagusa shavu la kijana.

"Nani amekufanya hivi, mwanangu?"

Lyle alimtazama Orysia juu ya bega la mzee. 

"Nilipigana vibaya," akajibu.

"Nilikufundisha vibaya?"

"Hapana, Mzee. Ulinifundisha vizuri mno."

Metro alitafakari neno hilo. Halafu akatazama ngumi zake mwenyewe, damu ya mtu mwingine kwenye vifundo, na uso wake ukaanza kuelewa, kidogo kidogo, na kuelewa kule kulikuwa kubaya kutazama kuliko hasira. Lyle alimkalisha kitandani, akakaa kando yake, akazifunika ngumi zile kwa mikono yake zisionekane.

Mlango ukagongwa. Ni sauti ya Bwana Pelham, akiuliza kwa adabu kama kijana anaweza kuongea dakika chache.

"Kamwambie," Lyle alisema.

"Nimwambie nini?" Orysia aliuliza. 

"Mwambie mwezi wa tisa nina masomo."

Alitoka, akafunga mlango nyuma yake. Pelham alisikiliza, akatabasamu kama mtu aliyesikia mzaha wa mgonjwa. Akasema wako vijana elfu moja wangekatwa mkono wapate nafasi hii. Orysia akamjibu kwamba basi afanye haraka, wasije wakabadili mawazo. Alimtazama akipanda ngazi hadi koti lile la rangi ya mchanga likapotea.

Aliporudi, baba yake alikuwa amefumba macho, ameegemea ukuta. Lyle hakuwa amehama.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Usidhani nimefanya kwa ajili yako. Sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui nitakusamehe lini. Inaweza kuchukua muda."

"Nitakuwepo," Orysia alisema.

Alivuka vipande vya chupa, akachukua pamba kwenye meza, akaibandika juu ya nyusi iliyofunguka na kuishikilia hapo. Lyle alishtuka kwa maumivu. Alitaka kujitoa, ikaonekana alitaka, lakini kichwa chake kilikuwa kizito na kiganja kilikuwa karibu. Akakilaza.

"Bonyeza taratibu," akasema. "Sina kichwa kingine."